Siku ya Kumi na Tatu ya Mzee Raichura

Lydia Nyambura alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la chuma, kurunzi ameibana kwapani, akisoma nambari iliyochorwa chini ya bunduki ya kwanza. Aliisoma mara mbili, akailinganisha na karatasi iliyokuwa sakafuni karibu na goti lake, akatia alama. Kisha akaisoma mara ya tatu. Hakuna aliyemfundisha kusoma mara tatu. Alijifunza mwenyewe, baada ya kugundua kwamba mara ya pili macho husoma kile ambacho mtu anatarajia kukiona.

Ilikuwa saa nne na dakika arobaini asubuhi, Jumanne tarehe ishirini na tano Machi. Kabati lilikuwa limekazwa ukutani ndani ya stoo iliyo chini ya ngazi, katika nyumba ya marehemu Alkesh Raichura, mtaa wa nyumba pachapacha huko Harrow, pembezoni mwa London. Lydia hakuwa askari. Alikuwa mtumishi wa idara ya leseni za silaha, na kazi yake siku hiyo ilikuwa fupi: ahakikishe bunduki mbili za marehemu zipo kabla ya kukabidhiwa watu waliostahili kuzipokea.

"Chai imepoa, binti," alisema Mama Usha, mjane wa marehemu, aliyesimama nyuma yake akiwa na kikombe. Alikuwa na miaka sabini na sita, mzaliwa wa Kisumu, na kwa kuwa Lydia alitoka Nakuru, wawili hao waliongea Kiswahili tangu siku ya kwanza.

"Nitainywa hivyohivyo, Mama. Imebaki moja."

Bunduki ya pili ndiyo iliyokuwa na historia. Ilikuwa ya mitutu miwili, ya babake marehemu, iliyoletwa Uingereza kutoka Kisumu kwa karatasi halali zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Ilikaa ndani ya mfuko wa turubai la kijani. Lydia aliushika mfuko, akauinua, na mkono ukapanda juu kuliko alivyokusudia.

Mfuko ulikuwa mwepesi.

Alifungua kamba na kuuinamisha. Fimbo ya pazia ilichomoza, ya mbao, imepakwa rangi nyeupe.

Kikombe kiligonga kisahani chake. "Hiyo ni ya chumba cha juu," alisema Mama Usha polepole. "Hiyo ni ya pazia la chumba cha wageni. Imefikaje humo?"

"Mama, ni nani mwingine ana ufunguo wa kabati hili?"

Mjane aligusa kiunoni, mahali ambapo kishada cha funguo kilining'inia kwenye mkunjo wa sari, kama kilivyoning'inia kwa miaka yote ya ndoa yake. "Hakuna. Ulinikabidhi wewe mwenyewe. Haujatoka hapa."

Na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Tarehe tatu Machi Mzee Raichura alifariki. Tarehe sita Lydia alikuja, akazikuta bunduki zote mbili, na akampa mjane kibali cha muda cha kuzihifadhi, kwa sharti moja lililoandikwa kwa herufi nene: ufunguo usishikwe na mtu mwingine yeyote. Ufunguo wa akiba ulivunjika miaka minne nyuma na taarifa yake ilikuwa kwenye faili. Kwa hiyo, kwa mujibu wa karatasi, mtu mmoja tu angeweza kufungua kabati hilo, naye alikuwa amesimama hapo akiitazama fimbo ya pazia.

Mpelelezi aliyetumwa alifika saa sita na robo. Aliitwa Ryan, kijana wa miaka thelathini aliyezaliwa London na wazazi wa Kiambu. Kiswahili alikisikia chote, ila majibu yake yalitoka kwa Kiingereza. Alikagua mlango wa kabati, akakuta haukuguswa na bisibisi wala nyundo, akamvuta Lydia pembeni.

"Ni yeye tu," alisema. "Ama amempa mtu, ama ameiuza, ama hakumbuki. Nitamhoji rasmi keshokutwa, Alhamisi saa nne, pamoja na wakili. Bunduki isipopatikana kabla ya hapo, atashtakiwa."

"Aliyesahau haweki fimbo ya pazia kwenye mfuko," Lydia alisema kwa sauti yake ya chini.

"Dada, aliyechanganyikiwa anaweka chochote popote."

Mtoto wa kiume wa marehemu, Sachin, alikuwa amekwisha kufika kutoka nyumbani kwake mtaa wa pili. Alikuwa na miaka arobaini na minane, shati limenyooshwa vizuri, na alimshika mamake bega muda wote wa mazungumzo.

"Naomba mumwelewe," alisema. "Tangu Baba aondoke, Mama si yuleyule. Anaacha jiko likiwaka. Wiki iliyopita alinipigia simu analia kwamba mkongojo wa Baba umerudi wenyewe nyumbani. Mkongojo! Si ndiyo, Mama?"

Mama Usha alitazama chini. "Pengine ninasahau," alisema.

"Unasahau, Mama. Si kosa lako."

Ryan aliandika. Lydia naye aliandika, lakini neno moja tu: mkongojo. Kisha akachukua koti lake kwenye kigingi cha mlangoni, na pale chini ya makoti akauona, mkongojo wa mti mwekundu wenye kichwa cha shaba na mpira uliolika upande mmoja.

Siku ya Jumatano, saa tatu na nusu asubuhi, Lydia alikuwa Kingsbury, ndani ya duka la vitambaa la Alnashir, rafiki wa marehemu aliyekuwa akienda naye kulenga shabaha visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Alnashir alikuwa na leseni yake mwenyewe, na barua ya marehemu ilisema wazi kwamba bunduki ya mitutu miwili aachiwe yeye.

"Kwa hiyo mimi ndiye mwizi," alisema Alnashir akikunja kitambaa. "Niibe kitu ambacho ningepewa jana hiyohiyo mchana? Madam, mimi ni mfanyabiashara. Angalau ningekuwa mwizi mwenye akili."

"Ulifika pale nyumbani lini?"

"Siku ya kumi na tatu ya msiba, tarehe kumi na tano. Jumamosi. Saa nne asubuhi, baada ya ibada. Nilikula, nikatoa pole, nikaondoka. Watu hamsini waliniona." Akashusha sauti. "Lakini nikuambie kitu. Sachin hakunipa mkono."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Alkesh aliniandika mimi. Sachin aliomba leseni miaka miwili iliyopita, akanyimwa. Alishikwa akiendesha gari amelewa, na kwenye fomu akaandika hajawahi kushtakiwa. Mnajua ninyi wenyewe. Mzee aliona aibu mpaka akaacha kuja Jumapili mbili. Sasa bunduki ya babu inatoka kwa Wahindu Walohana wa Kisumu inakwenda kwa Mwislamu wa Kiismaili wa Kingsbury!" Alicheka, kisha akaacha. "Nilimwambia Alkesh, iuze tu. Akakataa. Alisema atakayeishika ni mwenye karatasi, hata kama si damu."

Lydia alikuwa na vipande, lakini havikukaa pamoja. Mwenye sababu ya kutamani hakuwa na ufunguo. Mwenye ufunguo hakuwa na sababu. Na bunduki yenye urefu wa zaidi ya mita ilitoka kwenye nyumba ambayo, tangu msiba, haikukosa wageni hata siku moja. Ilitokaje?

Saa tano na nusu alikuwa jikoni kwa Mama Usha. Safari hii aliinywa chai ikiwa moto.

"Mama, nieleze habari ya mkongojo."

Mjane alisita. "Sachin amesema nisiseme tena. Ataniona nimerukwa na akili."

"Mimi sijasema hivyo. Nieleze kama mambo yalivyokwenda, pole pole."

Mama Usha alifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Kwetu Wahindu, siku ya kumi na tatu tunamtolea marehemu kitanda. Godoro, blanketi, mto, sahani, viatu, mwavuli, kila alichokuwa akikitumia, ili asipungukiwe huko aendako. Zamani alipewa kuhani. Makuhani wa hapa wanakaa kwenye fleti, watayaweka wapi magodoro? Basi tunampa mtoto wa dada wa marehemu. Huyo ndiye Deepak, wa Thornton Heath. Ijumaa jioni nililifunga godoro mwenyewe kwa mikono hii. Mkongojo niliuweka katikati, nikaukunjia ndani, kwa sababu miguu ilimsumbua Alkesh na sikutaka atembee bila mkongojo. Jumamosi Deepak alilichukua. Jumatatu ninafagia, ninaukuta mkongojo mlangoni. Nikafikiri ameukataa. Nikafikiri kuna kitu nilimkosea. Au sikuuweka kabisa, na kichwa ndicho kinachoondoka."

Tangu jana kila mtu alikuwa ameuchukua mkongojo kama ushahidi kwamba mjane amechanganyikiwa. Yeye pia alijikuta akielekea huko. Lakini vipi kama Mama Usha alikuwa akieleza tu jambo lililotokea? Aliweka mkongojo ndani ya godoro. Mkongojo ukatolewa. Mtu aliyebeba godoro hilo, akipapasa katikati, angegusa kitu kigumu na kirefu na kudhani ni mkongojo.

"Mama, kuna picha za siku ile?"

Zilikuwepo kwenye simu, ishirini na moja. Lydia alizipitia moja moja, kisha akarudi kwenye ya nne, iliyopigwa saa tatu na dakika kumi. Mama Usha ameketi sakafuni karibu na godoro lililokunjwa, sahani za chuma cha pua zimepangwa, viatu, mwavuli. Sari yake ilikuwa mpya, ya rangi ya maziwa.

"Hii sari?"

"Ililetwa na kaka yangu kutoka Leicester. Mjane huoga, kisha huvaa ya nyumbani kwao. Ya zamani haivaliwi tena."

"Na funguo zako ziko wapi kwenye picha hii?"

Mama Usha aliisogeza simu karibu, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Kiuno cha sari mpya kilikuwa kitupu.

"Nilikwenda kuoga saa mbili na nusu," alisema. "Funguo haziingii bafuni, zinashika kutu. Nilizitoa..." Kidole chake kilibaki hewani juu ya simu. "Nilizitoa nikampa mtu ashike. Alinirudishia baada ya ibada."

"Ulimpa nani?"

Alijibu, lakini kwa sauti ndogo mno, na Lydia hakumlazimisha kurudia.

Thornton Heath ni mbali kutoka Harrow, na Ryan aliendesha gari akinung'unika kuhusu msongamano mpaka saa nane na nusu. Deepak alikuwa fundi umeme, mnene, mchangamfu, na aliwafungulia gereji bila kuuliza kibali cha upekuzi.

"Godoro? Hata ninyi mnalitaka godoro?" alisema. "Hili godoro lina nini jamani? Sachin amenipigia simu mara tatu kulidai. Mara eti limekosewa, mara eti atanipa jipya. Nikamwambia, ndugu yangu, kitu cha siku ya kumi na tatu hakirudi. Nikikurudishia, ni kama ninamnyang'anya mjomba kitanda chake. Amenitukana! Kwa godoro la kukunja!"

"Umelifungua?" aliuliza Ryan.

"Nilifungue kwa nini? Ninatafuta ujasiri tu, siku moja nilale juu yake kama desturi inavyotaka. Bado ninaogopa kidogo."

Lilikuwa limesimamishwa juu ya makopo ya rangi. Lydia alivaa glavu, akakata kamba, akalikunjua kwenye sakafu ya saruji. Katikati ya blanketi kulikuwa na vipande viwili vilivyofungwa kwa taulo. Kimoja mitutu, kingine kitako. Alipiga magoti, akasoma nambari. Mara tatu.

Deepak alikuwa amekaa juu ya kopo la rangi, mkono mdomoni. "Mungu wangu. Sasa mimi ndiye ninayekaa na bunduki bila leseni."

"Ndiyo," alisema Ryan, akianza kutoa pingu mfukoni.

"Subiri," Lydia alisema. "Anayejua kilichomo ndani hangekataa kukirudisha kwa ajili ya kuogopa mjomba. Angekirudisha siku ileile."

Ryan alimtazama, akaitazama bunduki, akamtazama Deepak aliyekuwa karibu kulia. Pingu zilirudi mfukoni.

Saa kumi na nusu jioni waliketi sebuleni Harrow. Mama Usha alikuwa kwenye kiti cha kona. Sachin alikuja moja kwa moja kutoka ofisini, akamshika mamake bega kama kawaida.

"Bunduki imepatikana," Lydia alisema.

"Oh, ashukuriwe Mungu. Wapi?"

"Ndani ya godoro la babako."

Sachin aligeuka kumwangalia mamake kwa huruma. "Mama. Uliiweka bunduki kwenye godoro? Ulifikiri Baba ataihitaji?" Kisha kwa Ryan: "Mnaona ninavyosema? Masikini. Hakuwa na nia mbaya."

"Nami niliwaza hivyo kwanza," Lydia alisema. "Desturi inasema atolewe kila alichotumia. Kosa kama hilo ningelielewa. Ila Mama alifunga mkongojo ndani ya godoro Ijumaa jioni. Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi aliingia kuoga, akampa mtu funguo zake. Picha ya saa tatu na dakika kumi inaonyesha kiuno hakina funguo. Katika dakika hizo arobaini kabati lilifunguliwa, fimbo ya pazia ikaingia kwenye mfuko, bunduki ikaingia kwenye godoro, mkongojo ukatoka. Nikuulize wewe. Ni nani aliyezishika funguo?"

"Nyumba ilikuwa imejaa watu. Mama hawezi kukumbuka."

"Deepak anakumbuka. Ulimpigia mara tatu ukidai godoro. La nini, Sachin? Huna kitanda?"

Ryan alitoa kicheko kifupi. Sachin hakucheka. Mkono wake uliondoka begani kwa mamake.

"Ni yangu," alisema. "Babu alimpa Baba pale Kisumu, mkono kwa mkono, hakuna aliyeandika fomu. Mimi ni mtoto wa kwanza. Binamu yetu yuko Marekani, katika jimbo lake baba humpa mwana bunduki kama anavyompa saa ya mkononi, hakuna anayeuliza kitu. Ndani ya familia! Haijauzwa, haijaibwa, imehama tu chumba."

"Hapa si huko," Lydia alisema. "Hapa hata mume na mke kila mmoja lazima awe na leseni yake. Damu haihesabiwi. Anayepokea awe na leseni, na sisi tuambiwe ndani ya siku saba. Babako alilijua hilo."

"Babangu alimpa mtu wa nje!" Sauti ilipanda. "Kila Jumapili atakwenda nayo Alnashir, na watu watauliza mwana wa Raichura ana kasoro gani."

"Na mamako kesho angehojiwa kama mhalifu."

"Wasingemfanya kitu. Ana miaka sabini na sita. Daktari angeandika kwamba anasahau, wangempa onyo, basi. Nani atamfunga mwanamke wa umri ule?"

Ryan alisimama, akamsomea Sachin onyo la kisheria kwa maneno yake yote. Mama Usha alingoja mpaka amalize.

"Jiko," alisema. "Uliwaambia ninaacha jiko likiwaka. Nililiacha lini?"

"Mama..."

"Siku kumi nilikuwa ninapita karibu na mkongojo wa mume wangu kwa kujibanza ukutani. Nilikuwa ninamwomba msamaha. Kila nikikwambia, unanishika bega, unasema unasahau, Mama. Ulikuwa unajua."

Ryan alimwongoza Sachin nje kwa kumshika kiwiko, na mlango ukafungwa bila kishindo.

Lydia alivuta meza ndogo, akatoa karatasi za maelezo. "Mama, lazima nikueleze ukweli. Aliyoyasema hapa aliyasema kabla ya kusomewa onyo. Wakili wake anaweza kuyakataa. Bila maelezo yako kuhusu zile dakika arobaini, kinachobaki kwenye faili ni ufunguo uliokuwa kwako na binamu aliyekutwa na bunduki."

"Kwa hiyo ni mimi, au Deepak, au mwanangu."

"Ndiyo."

"Andika."

Lydia aliandika. Mama Usha aliongea polepole, akitua ili kalamu imfikie: jina lake, mwaka wa kuzaliwa, tarehe ya kufariki kwa mumewe, Ijumaa jioni, godoro, mkongojo. Alitaja hata rangi ya blanketi. "Jumamosi tarehe kumi na tano, saa mbili na nusu asubuhi, nilikwenda kuoga," alisema, na Lydia akaandika, na kalamu ikangoja.

Nje basi lilipita. Kalamu iliendelea kungoja.

"Sentensi inayofuata ina jina lake," alisema mjane.

"Ndiyo, Mama."

"Tuache hapo kwa leo."

Lydia aliitazama karatasi. Nusu ya ukurasa ilikuwa tupu. Kwa utaratibu alitakiwa kupiga mstari chini ya neno la mwisho ili pasiongezwe kitu. Hakuupiga. Aliandika saa pembeni, kumi na mbili kasoro tano, akafunga kalamu.

"Nitakuja kesho saa tatu asubuhi," alisema.

"Njoo saa mbili," alisema Mama Usha. "Saa tatu ninaweza kuwa nimeshabadili mawazo."